UZI: Watoto wa kijiji chetu Chamwino wamepiga tarumbeta hadharani kwa mara ya kwanza, na ninaomba waachwe wapige Cigogo

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Watoto 14 wa shule ya msingi ya kijiji chetu, kilichopo wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, wamepiga tarumbeta mbele ya umma kwa mara ya kwanza katika mahafali ya darasa la saba ya mwaka huu. Ninaandika kwa urefu kwa sababu tangu siku hiyo kijiji kimegawanyika juu ya jambo moja: bendi hii ipige nini. Wapo wanaotaka ipige nyimbo za harusi zinazopigwa na matarumbeta ya mjini ili ianze kukodiwa mapema, wapo wanaotaka ibaki na nyimbo za kanisani, na wapo wanaoona kwamba isingeanzishwa kabisa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Watoto hawa waanze na nyimbo za Cigogo, yaani za kabila letu la Wagogo, na nyingine zifuate, kwa kuwa tarumbeta na uimbaji wa Wagogo vina undugu wa sauti ambao wengi wetu hatukuwa tumeusikia mpaka siku ile.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule na ninaimba besi katika kwaya ya kanisa letu. Si mwanamuziki wa kusomea. Mkufunzi wa watoto ni mzee wetu mmoja aliyetumikia bendi ya jeshi kwa miaka mingi, akastaafu na kurudi nyumbani kulima mtama na zabibu. Vyombo ni vya mitumba: tarumbeta tano, honi tatu za sauti ya pili, tromboni mbili, tuba moja, dramu ndogo, ngoma kubwa na matoazi. Vilipofika, viwili vilikuwa vimeachia kwenye maungio, na aliyevirudisha katika hali ya kutumika ni fundi wa rejeta wa Dodoma mjini, ambaye amezoea kulehemu shaba na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kabla mtoto hajakabidhiwa chombo, mzee aliwafundisha kwa muda mrefu bila chombo chochote. Aliwaimbisha kwa solfa, yaani do, re, mi, ile ile tunayotumia kwenye kwaya zetu, kisha akawafundisha kutetemesha midomo mitupu mpaka itoe mlio, kwa sababu sauti ya tarumbeta huzaliwa kwenye midomo ya mpigaji. Bomba la shaba hupokea mtetemo huo na kuukuza. Mtoto asiyeweza kuimba noti kichwani hawezi kuipata kwenye tarumbeta, kwa kuwa kwa kidole kile kile, au bila kubonyeza kidole chochote, chombo kinaweza kutoa sauti kadhaa tofauti, na kinachochagua ni sikio na ukazaji wa midomo. Hapo ndipo mzee alipogundua jambo lililomshangaza. Watoto walikuwa wanaruka kutoka sauti moja ya asili kwenda nyingine kwa wepesi ambao, kwa maneno yake, askari wazima walikuwa wanauhangaikia kwa miezi.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Uwanja wetu ni wa vumbi jekundu, na mwezi Septemba upepo wa Dodoma hauna simile. Watoto walipangwa chini ya mbuyu ulio mbele ya madarasa, wakiwa wamevaa sare zao za kila siku, maana hatukuwa na fedha za kushona nyingine. Mpiga tuba ni mvulana wa darasa la tano, na kwa kuwa chombo kimemzidi kimo, alikikalisha juu ya kiti cha pembeni, akakikumbatia na kupuliza akiwa amekaa. Msichana aliyeshika tarumbeta ya pili alikuwa na vali, yaani kitufe cha kubonyeza, iliyogoma kurudi juu kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona namna alivyokuwa akiibonyeza kwa kidole cha kati na kuisukuma irudi kwa ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, kila mara, wimbo mzima, bila kuchelewa mapigo. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Walianza na Wimbo wa Taifa. Watu wote walisimama, na ubeti wa kwanza ulitoka kwa hofu. Tarumbeta zilikwenda mbele, tuba ikabaki nyuma, na mzee akainua mkono wa kushoto polepole mpaka wakakutana. Ubeti wa pili ulikuwa safi. Wakapiga wimbo wa kumpokea mgeni rasmi, ambao ulipita tu, sina la kuueleza zaidi. Kisha wakapiga wimbo wa Cigogo wa wakati wa mavuno, ambao kila mtu kijijini anaujua, na hapo mambo yakabadilika.

Tromboni ya kwanza ndiyo iliyoanza, kama kiongozi wa wimbo anavyoanza, na vyombo vingine vikaitikia. Kwenye mwitikio wa pili akina mama waliokuwa wamekaa upande wa jikoni walianza kuimba. Hawakuimba sauti ile ile ya tarumbeta. Waliingia na sauti zao, za juu na za kati, namna wanavyoimba siku zote, na sauti hizo zikakaa ndani ya zile za vyombo bila kugombana hata mahali pamoja. Mama mmoja aliinuka akaenda kuleta ngoma ya muheme, akaubana kati ya magoti na kuanza kuupiga, na mtoto wa ngoma kubwa akamsikiliza kidogo, akaacha mapigo ya gwaride aliyofundishwa, akamfuata. Mzee hakumzuia. Nyimbo za ratiba zilikuwa tatu tu, lakini huu wa mwisho ulirudiwa mpaka mgeni rasmi akashuka jukwaani na kuingia uwanjani mwenyewe.

Niliona wazee wanalia. Na mimi nililia.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa simulizi lako na ninawapongeza watoto. Hata hivyo nina swali ambalo naomba ulijibu kwa uzito. Wagogo wana zeze la nyuzi, ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ndono ya uta, filimbi na muheme. Hayati Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa wetu aliyefariki mwaka 2003, alikwenda na zeze na ilimba kwenye majukwaa makubwa ya dunia, na hakuhitaji tarumbeta ili asikilizwe. Kwa nini basi mtoto wa Chamwino, ambako kuna tamasha zima la muziki wa Cigogo, apewe chombo cha wakoloni? Tarumbeta ililetwa huku na majeshi. Kama fedha na muda vipo, mimi ningependa kuona watoto 14 wanaochonga na kupiga zeze.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa mjini, swali lako ni la haki na limeulizwa hata kijijini.

Ni kweli kwamba bendi za shaba ziliingia nchini kwa njia ya majeshi, shule za serikali ya Wajerumani na misheni. Lakini watu wetu hawakukaa na chombo hicho kama walivyopewa. Pwani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waswahili waliunda ngoma ya beni, yaani dansi ya kuiga bendi hizo, wakatengeneza vyama vyenye vyeo vyao na mashindano yao, na vyama vya Marini na Arinoti vikaenea mpaka bara wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa hapa Dodoma, na kila kilichosafiri kati ya pwani na bara kilipita mlangoni petu. Jeshi la Wokovu, ambalo desturi yake ya bendi za tarumbeta inajulikana duniani kote, lilianzia kazi yake nchini Tabora mwaka 1933. Makanisa ya Kilutheri nayo yana vikundi vya tarumbeta vilivyorithiwa baba kwa mwana. Chombo ambacho babu na mjukuu wamekipigia harusi, mazishi na sikukuu hakiwezi kuitwa mgeni.

Kuhusu zeze, sitaki kabisa ieleweke kwamba tunabadilisha kimoja kwa kingine. Mvulana anayepiga tromboni ya kwanza ni mjukuu wa mpiga zeze, na zeze analipiga. Ninaamini ndiyo sababu anapiga tromboni vile anavyopiga, na hapa niruhusu nieleze jambo ambalo nimelifuatilia tangu siku ya mahafali, kwa kuwa ndilo kiini cha uzi huu.

Bomba lolote la shaba linalopulizwa kwa midomo, bila kubonyeza wala kuvuta kitu, hutoa sauti chache zilizopangana kwa ngazi ya asili. Kuna mtetemo wa msingi, kisha sauti yenye mitetemo mara mbili yake, mara tatu, mara nne, mara tano na kuendelea juu. Buruji la jeshini halina vali hata moja, na miito yake yote hutokana na ngazi hiyo peke yake. Vali zilibuniwa Ujerumani na kupewa hataza mwaka 1818, ili kurefusha bomba na kupata noti zilizokosekana katikati: vali ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusutoni, ambayo ni hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, ya tatu kwa toni moja na nusu. Msingi wa chombo, hata hivyo, umebaki kuwa ile ngazi ya asili.

Na uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo hiyo. Watafiti wa muziki wa Afrika, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba sauti za nyimbo za Cigogo na milio ya ilimba hufuata sauti za asili kuanzia ya nne mpaka ya tisa. Ndono inatoa sauti hizo waziwazi: uta una waya mmoja, na mpigaji huzitafuta sauti za juu kwa kusogeza kibuyu kifuani. Mtoto aliyelelewa akisikia mama zake wakiimba namna hiyo ana ngazi ya tarumbeta masikioni kabla hajaiona tarumbeta. Ndiyo maana watoto wetu walikuwa wanaruka kutoka sauti hadi sauti bila taabu, na ndiyo maana akina mama waliingia katikati ya wimbo bila kuhangaika.

Kuna sauti moja inayodhihirisha hili kuliko nyingine zote, nayo ni ya saba. Katika ngazi ya asili sauti ya saba iko chini ya ile ya kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Kwenye bendi za kawaida mpigaji hufundishwa kuikwepa au kuirekebisha, kwa sababu haikubaliani na kinanda. Katika nyimbo za Cigogo sauti hiyo ndiyo yenyewe. Ukiipandisha, wimbo unapoteza ladha yake. Mzee wetu alimwambia mpiga tromboni aache mkono wa chombo, lile bomba linalovutwa, ukiwa umerudi nyumbani kabisa, asiusogeze hata kidogo, na apige sauti ile kama ilivyo. Nilimtazama mzee wakati sauti hiyo ilipotoka na kukutana na ya akina mama. Alifumba macho.

Mchangiaji, mzazi, Kongwa

Mleta uzi, shukrani. Mimi ni mama wa watoto watatu na kijijini kwetu kuna mazungumzo ya kuanzisha bendi kama hiyo. Wazazi wenzangu wana hofu. Wanasema kupuliza kunaharibu meno na mapafu ya mtoto, na kwamba vyombo vya kuazimana mdomoni vinaambukiza kifua kikuu. Naomba ufafanuzi wa namna mlivyolishughulikia hilo, na pia umri mliouchagua.

Mleta uzi

Dada yangu wa Kongwa, kuhusu umri, mzee alikataa watoto wa chini ya miaka tisa kwa vyombo vya kupuliza. Meno ya mbele ya utoto hutoka na ya ukubwani huota kati ya miaka sita na minane au zaidi kidogo, na mtoto aliye kwenye mabadiliko hayo hana mahali imara pa kuegemeza kipulizio. Wadogo walipewa dramu na matoazi. Mtoto akifundishwa kutogandamiza chombo mdomoni kwa nguvu, meno hayadhuriki. Anayegandamiza huumia midomo na kuchoka upesi, na mzee huliona hilo mara moja kutokana na alama nyekundu inayobaki.

Kuhusu kuambukizana, kila mtoto ana kipulizio chake, amekiwekea alama ya uzi wa rangi na anakwenda nacho nyumbani. Chombo chenyewe wanaweza kupokezana, kipulizio hapana. Kila baada ya mazoezi vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mtoto mwenye kikohozi anakaa nje ya mazoezi, na kikohozi kikifika wiki mbili anapelekwa zahanati, sawa na mtu mwingine yeyote anavyotakiwa kufanya. Wazazi waliokuwa na hofu tuliwaalika waje kuona uoshaji wenyewe, na wengi waliridhika kwa kuona kuliko kwa kuambiwa.

Niongeze moja ambalo hukuuliza. Wasichana sita wamo katika bendi hii, na wanne wanapiga vyombo vya kupuliza. Kuna wazee walionung'unika mwanzoni. Baada ya mahafali sijasikia mnung'uniko.

Mchangiaji, mpiga tarumbeta mstaafu, Tabora

Ndugu zangu, nimesoma uzi huu kwa furaha kubwa, na ninamtolea heshima mzee mwenzangu wa Chamwino. Naomba nichangie katika upande wa matunzo, kwa kuwa nimeona bendi nyingi za watoto zikianza kwa shangwe na kufa ndani ya mwaka mmoja wa vumbi.

Vali ya tarumbeta hupita ndani ya kasha lake kwa nafasi finyu mno, nafasi ambayo chembe moja ya vumbi inatosha kuiziba. Ile iliyogoma kwa yule binti haikugoma kwa ubovu. Mafuta yake yawe mepesi, yale yanayotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimewahi kuona mafuta ya kupikia yakitumiwa. Kwa siku chache yanateleza, kisha yanaganda kama gundi na kushika vumbi lote la uwanja. Kwa mabomba yanayovutwa ya kusawazishia sauti, mafuta mazito ya kujipaka yanafaa kabisa. Mazoezi yakiisha, maji yaliyomo ndani yatolewe yote kupitia kitundu chake, vali zipanguswe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na chombo kifunikwe. Kisiachwe juani.

Jua nalo lina hesabu yake. Sauti ya chombo cha kupuliza hupanda hewa iliyomo inapopata joto, na tofauti ya nyuzi joto 10 inaweza kuipandisha karibu theluthi moja ya nusutoni. Dodoma asubuhi ya mwezi wa saba hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, na mchana hupita 25. Bendi iliyosawazishwa asubuhi chini ya paa, kisha ikasimama nusu juani na nusu kivulini, haiwezi kuelewana hata ikiwa na wapigaji hodari. Mzee alifanya jambo la busara kuwaweka wote chini ya mbuyu mmoja. Ninashuku kwamba kile kigugumizi cha ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa kilikuwa hofu pamoja na baridi ya shaba iliyokuwa haijapashwa kwa pumzi.

Mchangiaji, mwalimu wa kwaya, Mpwapwa

Mleta uzi, nimeyasoma maelezo yako kuhusu sauti ya saba, na kama mwalimu wa kwaya ninakubali kwamba Wagogo wanaimba hivyo. Nimekuwa nikiisikia sauti hiyo kwa waimbaji wangu kila Jumapili, hata ninapowaongoza kwa kinanda. Wasiwasi wangu ni wa mbele. Mtoto aliyezoea kuiacha sauti hiyo ilivyo atawezaje kesho kuingia katika bendi ya Polisi, ya JKT au ya Magereza, ambako atatakiwa kupiga kwa kipimo kinachokubalika kote? Isije ikawa tunawafungia mlango kwa mapenzi mema. Pia ningependa kujua watasoma nini: solfa au nota za mistari?

Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako niliipeleka kwa mzee jana jioni, na ninakuletea majibu yake pamoja na yangu.

Mpigaji anayeisikia tofauti ya sauti hizo mbili ana sikio kali zaidi kuliko yule anayeijua moja tu. Mvulana wetu wa tromboni sasa anaweza kupiga sauti ya saba ya Cigogo mkono ukiwa umerudi nyumbani, na akiambiwa apige ya kinanda anaipata kwa kutumia nafasi nyingine ya mkono, ambapo sauti hiyo hiyo inakaa juu kidogo. Anajua lini atumie ipi. Mzee anasema angetamani angefundishwa hilo akiwa kijana, kwa sababu jeshini aliambiwa tu kwamba sauti ile ni mbovu, akaiamini hukumu hiyo kwa miaka yote huku mama yake mzazi akiiimba nyumbani. Tarumbeta na honi, ambazo hazina mkono wa kuvuta, zinahitaji kazi zaidi ya midomo, na kwa sasa wapigaji wake wanapewa sauti nyingine za mwitikio. Hatuwalazimishi.

Kuhusu kusoma, wameanza na solfa kwa kuwa ndiyo iliyopo kijijini. Nota za mistari zitaingia mwakani kwa wale wa darasa la tano na la sita. Hapo desturi ya bendi za shaba inatusaidia sana: sehemu za karibu vyombo vyote, kuanzia tarumbeta mpaka tuba, huweza kuandikwa kwa ufunguo mmoja na kwa vidole vile vile, hivyo mtoto akihama kutoka honi kwenda tuba haanzi upya kusoma.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Mleta uzi, nimekuelewa kuhusu ngazi ya asili, na nakiri sikuwa nimeliwaza hilo. Bado ninaomba zeze lisiachwe nyuma. Vilevile nimesikia kwamba tayari kuna watu wa mjini waliokuja kuitaka bendi hiyo kwa ajili ya harusi. Kamati imeamuaje?

Mleta uzi

Ndugu yangu, zeze halitaachwa. Babu wa yule mvulana amekubali kukaa na watoto siku za Jumamosi, na sharti lake ni kwamba kila wimbo wa Cigogo utakaopigwa na bendi lazima watoto wauimbe kwanza kwa maneno yake yote, mbele ya akina mama wa muheme, mpaka akina mama waridhike. Mimi ninaliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Wimbo wa mavuno una maneno, una mahali pa kujibizana, una mahali pa kunyamaza, na mtoto anayepiga noti zake bila kuyajua hayo atapiga haraka mno, kama nilivyosikia ikifanyika mahali kwingine.

Kuhusu harusi, kamati ya shule imekutana na imekubaliana yafuatayo, ambayo yatapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hadi mwisho wa mwaka ujao bendi haitakodiwa na mtu binafsi. Itapiga katika shughuli za shule, za kijiji na za nyumba za ibada zote, bila ubaguzi. Baada ya hapo, ikikodiwa, iwe mwisho wa wiki na mchana tu, mtu mzima wa kamati awepo, na fedha ziingie kwenye akaunti ya shule kwa ajili ya mafuta ya vali, matengenezo na sare. Wapo wajumbe walioona tunajinyima. Nilipinga kwa nguvu kukodisha mapema, na nitaendelea kupinga, kwa sababu nimewaona watoto wakipandishwa juu ya gari la matarumbeta tangu asubuhi hadi usiku, wakipiga wimbo mmoja ule ule, midomo imevimba, na Jumatatu wanasinzia darasani. Bendi ya namna hiyo haina muda wa kujifunza wimbo mpya.

Mazoezi yatapungua kuanzia Machi, uwele na mtama vikishatoa masuke, kwa kuwa watoto watakuwa mashambani wakiamia ndege. Kwelea kwelea hawamsubiri mtu. Mzee amependekeza kwamba katika kipindi hicho kila mtoto abaki na kipulizio chake, atetemeshe midomo na kuimba sehemu yake akiwa huko huko juu ya kichanja, na vyombo vyenyewe vihifadhiwe kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, vikiwa vimepakwa mafuta na kufungwa ndani ya viroba vilivyooshwa. Mazoezi kamili yatarudi baada ya mavuno.

Waliouliza kwa ujumbe wa faragha namna ya kusaidia, mahitaji ya sasa ni haya: mafuta mepesi ya vali, vipulizio viwili vya honi, na ngozi ya dramu ndogo, ambayo ilipasuka siku ya pili baada ya mahafali kwa sababu watoto wa kijiji kizima walitaka kuijaribu. Kwa anayetaka kuja kusikia, bendi itapiga tena siku ya kufunga shule mwezi wa Desemba, uwanjani pale pale, kuanzia saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali. Safari hii nyimbo za Cigogo zitakuwa mbili, na akina mama wa muheme wamekwisha kuwekwa kwenye ratiba.